Ruta yangu imeshuka kasi baada ya kubadilisha femuwea. Je, nijenge ya kwangu?

*“Mtaalamu, salaam. Nina ruta yenye chipu ya MediaTek MT7621, hifadhi ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 128. Laini yangu ni ya gigabiti moja. Kwa femuwea (programu inayoiendesha ruta) iliyokuja nayo nilikuwa napata megabiti 900 na ushee kwa sekunde. Nikaweka OpenWrt, femuwea huria ya Linux, kwa sababu ya usalama na uhuru wa kupanga mambo yangu, na sasa sivuki 380. Tena mtu mmoja nyumbani akipakua faili kubwa, mkutano wangu wa video unaanza kukatakata. Rafiki kaniambia dawa ni kujenga femuwea yangu mwenyewe: niingize viraka vya SFE, nijenge kwa O3, niwashe BBR, kasi itarudi. Nimejaribu mara mbili, ujenzi umekwama katikati. Naogopa kuiua ruta. Nifanyeje?”*

Ndugu yangu, hebu tuyatenganishe. Una shida ya kasi, una shida ya mikutano kukatakata, na una swali la kama ujenge femuwea. Umeyafunga yote katika fungu moja, na rafiki yako akakupa dawa moja ya yote. La kasi ndilo jepesi: uwezo huo bado umo ndani ya ruta yako, umezimwa tu, na pa kuuwashia ni kwenye OpenWrt uliyonayo sasa hivi. Kwa hilo huhitaji kujenga chochote. La mikutano linataka kupimwa kwanza. Kujenga nitakueleza, maana kuna siku utakuhitaji, lakini siyo kwa sababu ulizopewa.

Fuata safari ya pakiti moja. Inaingia kutoka kwa mtoa huduma, kadi ya mtandao inaiweka kwenye kumbukumbu na kuishtua prosesa. Linux inaiokota pamoja na nyingine zilizofika, kwa mafungu ya hadi 64. Faiwoli inaitazama. Kisha kinakuja kitengo cha kufuatilia miunganisho, kinachopekua jedwali lake kujua pakiti hii ni ya mazungumzo yapi. NAT, kitengo cha kubadilisha anwani, inaondoa anwani ya umma iliyoandikwa juu yake, inaandika anwani ya ndani ya kompyuta yako na kusahihisha tarakimu za uhakiki. Jedwali la njia linaulizwa itokee wapi. Faiwoli inaiangalia tena, safari hii kwa upande wa kutokea, ndipo inaingia kwenye foleni ya kutoka. Hakuna kituo hata kimoja hapo kilichowekwa bure. Shida ni kwamba pakiti ya pili ya muunganisho uleule nayo hupitishwa vituo vyote hivyo, na ya tatu, na ya laki tano, ingawa majibu ya kila kituo ni yaleyale yaliyotolewa kwa pakiti ya kwanza.

Sasa weka hesabu juu yake. Pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1,500. Ukijumlisha vifungashio vyote vya Ethernet, pamoja na nafasi inayoachwa kati ya pakiti na pakiti, inachukua baiti 1,538 kwenye kebo. Gigabiti moja iliyojaa ni pakiti 81,274 kwa sekunde kwa upande mmoja. Kila pakiti ina mikrosekunde 12 na chembe kumaliza vituo vyote, na hapo sijahesabu risiti zinazorudi upande wa pili. Pakiti zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, zinafika karibu 1,488,000 kwa sekunde, na muda wa kila moja haufiki hata mikrosekunde moja. Chipu yako ina viini viwili vya 880 MHz, kila kimoja kikiwa na nyuzi mbili za kazi. Ni chipu nzuri, imetumikia ruta nyingi sana, lakini kuipitisha gigabiti kituo kwa kituo haiwezi.

Usinisadiki kwa maneno, litazame mwenyewe. Ingia kwenye ruta kwa SSH (njia ya kuiandikia amri kutoka kwenye kompyuta), andika `top`, kisha kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa kebo anza kupakua kitu kikubwa. Angalia mstari wa juu unaoanza na CPU. Mwishoni kabisa kuna `sirq`. Hiyo ndiyo asilimia ya muda ambao kerneli, yaani moyo wa Linux, inatumia kuhudumia pakiti. Ukiona 50, 70 au 90 hapo, umempata mhusika. Hata 25 isikudanganye: prosesa yenye nyuzi nne ikionyesha robo, huenda uzi mmoja umejaa hadi ukingoni na nyingine tatu zimekaa bure. Hali hiyo ya pili hutibika nusu kwa kuigawa kazi kwenye viini vyote. OpenWrt huliita jambo hilo `packet_steering`, na liko kwenye mipangilio ya jumla ya mtandao.

Dawa kubwa ya tatizo hili mimi huiita mchepuko, kama barabara inayozunguka mji kwa wasio na shughuli sokoni. Pakiti za mwanzo za muunganisho hupita vituo vyote kama kawaida. Muunganisho ukishakubaliwa pande zote mbili, kerneli huandika majibu kwenye jedwali dogo: anayetoka huku anakwenda kule, badilisha anwani hii iwe ile, toka kwa poti fulani. Zinazofuata husomewa jedwali hilo pale pale mlangoni na kutolewa nje. Jambo hili liliingia rasmi kwenye kerneli ya Linux toleo la 4.16, mwaka 2018, na OpenWrt ikalibeba kwenye toleo lake la 18.06 mwaka huohuo.

Chipu yako ina zaidi ya hapo. Ndani ya MT7621 mna kitengo cha maunzi kinachoweza kushika jedwali hilo chenyewe na kubadilisha anwani bila kuigusa prosesa kabisa. Femuwea za kiwandani za chipu hii kwa kawaida huja na kitengo hicho kikiwa kimewashwa, na ndiyo siri ya zile 900 zako. OpenWrt huanza kikiwa kimezimwa, kwa sababu mchepuko unavunja baadhi ya mambo ambayo watu huwekea OpenWrt, nami nitayataja. Kwa hiyo OpenWrt haina uzito wa kuzaliwa. Uliihamisha ruta kutoka barabara ya mchepuko ukaipitisha katikati ya mji.

Kuwasha ni mistari miwili. Fungua `/etc/config/firewall`, na kwenye sehemu ya `defaults` weka:

`option flow_offloading '1'`
`option flow_offloading_hw '1'`

Kisha `service firewall restart`. Chaguo hizohizo zimo kwenye ukurasa wa faiwoli ukitumia kivinjari. Nakushauri uwashe mstari wa kwanza peke yake, ambao ni mchepuko wa programu, upime, ndipo uongeze wa pili wa maunzi. Ukiwasha vyote kwa pamoja na kitu kikaharibika, hutajua kilichoharibu ni kipi. Kuhakikisha kwamba kazi inafanyika, soma `/proc/net/nf_conntrack` wakati faili linapakuliwa: miunganisho iliyochepushwa imewekewa alama `[OFFLOAD]`, na ile iliyoshikwa na maunzi `[HW_OFFLOAD]`. Rudi kwenye `top`. Kwa maunzi, `sirq` inapaswa kuporomoka huku kasi ikipanda. Usitegemee kuona 1,000 kamili. Karibu 940 ndiyo data halisi inayobaki kwenye gigabiti ukishatoa vifungashio.

Kuhusu kupima kwenyewe, nimeona watu wazima kabisa wakipotezwa na kipimo kibovu. Usiendeshe `iperf3`, programu ya kupima kasi, ndani ya ruta. Ukifanya hivyo unapima ruta ikizungumza, wakati unachotaka kujua ni ruta ikipitisha, na hizo ni kazi mbili tofauti. Weka kompyuta moja upande wa WAN (wa mtoa huduma) na nyingine upande wa LAN (wa nyumbani), zote kwa kebo, pima kwenda na kurudi. Usipime kati ya poti mbili za LAN pia, kwa sababu hapo swichi ya ndani inamaliza kazi bila prosesa kujua. Wala usipime kwa Wi-Fi, kwa sababu kwenye MT7621 pakiti za Wi-Fi bado hupitia mikononi mwa prosesa hata mchepuko wa maunzi ukiwa umewashwa. Uwezo wa kuchepusha Wi-Fi ulikuja na chipu za baadaye za kampuni hiyohiyo, kama MT7622 na MT7986. Na kabla ya yote, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoa huduma. Ukipata 380 hapo pia, tatizo liko kwenye laini na ruta haina kosa.

Nirudi kwa rafiki yako. Simlaumu, ushauri wake una mizizi. SFE ni mchepuko pia, ulioandikwa na watu wa Qualcomm, na kuna wakati ulikuwa ndio njia pekee ya kuipa ruta dhaifu nafuu. Lakini haumo kwenye kerneli rasmi. Unaubandika kama kiraka, na kila kerneli inapobadilika kiraka kinaweza kukataa kushika, au kikashika vibaya kikaleta hitilafu ambayo wanaotunza OpenWrt hawawezi kukusaidia kuitafuta. Huenda hata ujenzi wako ulikwama hapo. Wewe tayari unao mchepuko rasmi, na wa maunzi juu yake. Sioni sababu ya kubeba mzigo huo.

O3 ni kumwambia kikompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, akamue msimbo zaidi. Kwenye kazi nzito za hesabu husaidia. Kwenye kupitisha pakiti, muda mwingi unaliwa na kusubiri kumbukumbu: prosesa inaliendea jedwali, jedwali halimo kwenye akiba yake ya karibu, inangoja. O3 haifupishi kungoja huko. Mara nyingi inaukuza msimbo, na msimbo mkubwa unabanana kwenye akiba hiyohiyo ndogo, basi unaweza hata kupoteza. Na kwa hifadhi ya megabaiti 16, kila kilobaiti ina thamani.

BBR nayo ni kitu kizuri kilichowekwa pasipo pake. Ni kanuni anayoitumia *mtumaji* wa TCP kuamua atume haraka kiasi gani. Ruta yako si mtumaji, inapokezana pakiti za wengine tu. Kuiwasha kwenye ruta kunagusa miunganisho inayoanzia ndani ya ruta yenyewe, kama vile ukiwa na seva ya faili humo, na video unayoitazama haiguswi hata chembe.

Sasa mikutano inayokatakata, na hapa ndipo naomba uwe na subira, kwa sababu sababu zinaweza kuwa mbili na dawa zake zinagombana. Ya kwanza ni prosesa yenyewe. `sirq` ikiwa imejaa, pakiti za mkutano wako zinangoja pamoja na za anayepakua, na zingine zinaangushwa. Ya pili ni foleni ndefu upande wa laini: kifaa cha mtoa huduma kina bafa (hifadhi ya muda ya pakiti) kubwa, mpakuaji au mpakiaji anaijaza, na sauti yako inakaa nyuma ya msururu huo. Kuzitofautisha, washa mchepuko kwanza, kisha tuma `ping` (pakiti ndogo ya kupima muda wa kwenda na kurudi) mfululizo kwenda nje, na wakati huo anzisha upakuaji, halafu upakiaji. Kama muda ulikuwa milisekunde 10 ukabaki 15 au 20, shida ilikuwa prosesa na imeisha. Ukiruka hadi 150 au 300, una foleni.

Foleni inatibiwa na CAKE, kanuni ya kupanga foleni iliyoingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018, au ndugu yake mkubwa fq_codel wa mwaka 2012, kupitia kifurushi cha SQM. Unaipa kasi iliyo chini kidogo ya ile ya laini ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako, mahali ambapo CAKE inaweza kuipanga kwa haki na kumpa kila mtu zamu. Lakini kuipanga kunamaanisha kuigusa kila pakiti, na mchepuko wa maunzi unamaanisha prosesa isiiguse hata moja. Kwa hiyo ukiwasha maunzi, CAKE inabaki imekaa mlangoni pasipopita mtu. Mchepuko wa programu ni afadhali, ingawa ukurasa wa OpenWrt wenyewe unaonya kwamba haupatani kikamilifu na SQM, hivyo upime tena kila unapovichanganya. Mambo mengine yanayoweza kuteleza ni hesabu za matumizi ya kila mtu na sheria zinazotegemea kila pakiti kuwekewa alama.

Uchaguzi ni wako, ila mimi ningefanya hivi. Kama baada ya mchepuko wa maunzi `ping` imetulia, ningeacha hapo na kufurahia gigabiti yangu. Kama haijatulia, na kazi yangu inategemea mikutano, ningezima mchepuko, ningeweka CAKE na kukubali kasi iliyo chini sana ya gigabiti, kwa kuwa prosesa hii haiwezi kupanga foleni ya gigabiti nzima. Sauti isiyokatika ina faida kwako kila siku kuliko namba kubwa kwenye kipimo cha kasi. Kama upande unaojaa ni wa kupakia tu, jaribu kupanga upande huo peke yake, kazi inapungua. Anayetaka vyote viwili kwa wakati mmoja, gigabiti na foleni iliyopangwa, anahitaji ruta yenye prosesa kubwa zaidi, na hakuna femuwea itakayomwondolea gharama hiyo.

Basi kujenga ni kwa ajili gani? Kuna sababu za kweli: dereva haimo kwenye toleo rasmi, unataka kuondoa vitu ili hifadhi itoshe, unahitaji chaguo la kerneli lililozimwa, au unataka kujifunza, na hiyo ya mwisho ni sababu tosha kabisa. Kama unachotaka ni vifurushi tofauti tu, tumia Image Builder. Inaunganisha vifurushi rasmi vilivyokwisha kujengwa, inamaliza kwa dakika chache, na kerneli inabaki ileile rasmi. Hilo la kerneli si dogo. Ukijenga kerneli yako yenye mipangilio tofauti, inapata alama ya utambulisho tofauti, na moduli za kerneli utakazotaka kupakua baadaye kutoka kwenye hazina rasmi zitakataliwa. Kila moduli utakayoihitaji lazima uiingize siku ya kujenga.

Ukiamua kujenga kila kitu, chukua tagi ya toleo lililotolewa rasmi, usichukue tawi linaloendelea kuandikwa. Pakua faili la `config.buildinfo` lililo kwenye folda ya femuwea ya chipu yako, liwe ndiyo `.config` yako ya kuanzia, halafu badilisha kitu kimoja baada ya kingine. Jenga kwanza bila kiraka chochote. Kama hata hiyo inakwama, kagua haya: unajenga ukiwa `root` (mtumiaji mkuu), njia ya folda ina nafasi katikati ya maneno, diski haitofautishi herufi kubwa na ndogo, au nafasi imekwisha. Na ujenzi ukikatika, usisome mistari ya mwisho ya amri ya kujenga `make -j8`, maana kazi nane zinaandika kwa pamoja na kosa lenyewe limezikwa juu huko. Rudia kwa `make -j1 V=s`. Itakwenda polepole, lakini itasimama palepale penye kosa na kulitaja.

Kabla hujaandika chochote kwenye ruta, fanya nakala ya sehemu iitwayo `factory`. Endesha `cat /proc/mtd` upate namba yake, tuseme ni `mtd2`, kisha `cat /dev/mtd2 > /tmp/factory.bin` na uihamishie kwenye kompyuta. Humo mna anwani za MAC na vipimo vya Wi-Fi vilivyopimwa kiwandani kwa ajili ya kifaa hicho kimoja tu. Niliwahi kuifuta kwenye ruta yangu kwa haraka ya usiku. Ruta iliwaka, kebo zote zikafanya kazi, ila Wi-Fi ilishikika nikiwa nimeishikilia simu karibu na antena, nikipiga hatua tatu inapotea. Sikuwa na nakala, na hakuna pa kupakua vipimo vya kifaa chako.

Baada ya hapo linganisha alama ya `sha256sum` ya faili, hakikisha ni faili la `sysupgrade` (la kusasisha femuwea) la modeli yako hasa, na mara ya kwanza andika kwa `sysupgrade -n` ili mipangilio ya zamani isiingie kwenye femuwea mpya. Usiguse umeme mpaka ijiwashe yenyewe. Isipopatikana, usidhani imekufa: kwa kawaida `sysupgrade` haiigusi programu ya kuwashia, na ruta nyingi zinakubali hali ya dharura ya OpenWrt kwenye 192.168.1.1 au kuandikwa upya kwa TFTP, njia nyepesi ya kutuma faili kupitia kebo ya mtandao.

Pa kusimama na kutafuta fundi ana kwa ana ni hapa: TFTP imekataa na inabidi kufungua kasha ili kufikia waya za serio. Kazi hiyo inataka waya tatu tu, GND, RX na TX, kwa volti 3.3. Adapta ya volti 5 inaweza kuiunguza chipu ambayo hadi hapo ilikuwa nzima, na ule waya wa nne wa umeme hauunganishwi. Kama hujawahi kulehemu pini, usijifunzie kwenye ruta unayoitegemea. Kama ndani ya kasha umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja bila adapta ya nje, usilifungue kabisa. Na kama ruta ni mali ya mtoa huduma, zungumza nao kabla ya hatua yoyote ya hizi. Ukienda kwa fundi, nenda na ruta, adapta yake, jina la faili la mwisho uliloandika, na ile `factory.bin` kwenye flashi.